Jibu Tulilolitoa Tukichoma Nyama

Mwaka wa 2017, Houston ilipofurika, kaka yangu alikimbilia kwangu Arlington, karibu na Dallas, na mke wake, masufuria mawili na picha ya harusi iliyolowa upande mmoja. Nyumba yake ya Stafford, pembezoni mwa Houston, ilikuwa imeingia maji ya magoti. Mimi nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya pili, naishi na binti yangu aliyekuwa na miaka minane, na kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Tukawapisha chumba kimoja. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa ghorofani Arlington hakuna jembe, nilimpa mashine ya kufyonza vumbi, akawa anaiburuta sebuleni kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Alinichosha, sitaficha. Kila asubuhi alikaa kwenye kibaraza na simu yake, anatazama picha ambazo majirani walikuwa wakipiga za mtaa wao. Kulikuwa na maneno kwamba nyumba za mabondeni zinaweza kununuliwa na serikali ili watu wahame, na ingawa hakuna aliyemfuata yeye kumwambia auze, alikuwa amekwisha kukasirika.

"Siuzi," alikuwa akisema, chai ikimpoa mkononi. "Mdogo wangu, mtu hawezi kuja na kalamu akaniambia hapa si kwako. Nimepanda mlimao pale. Mimi nita-fight."

Mlimao wenyewe ulikuwa na miaka miwili na haukuwa umezaa hata limau moja. Lakini siku moja nilimkuta anaulilia. Mwanaume mzima, mkubwa kwangu kwa miaka minne, amekaa kwenye kochi langu anafuta macho kwa fulana kwa sababu jirani amemtumia picha na mlimao hauonekani, maji yameufunika. Wifi yangu alinikonyeza nisicheke. Nilimhurumia kweli. Maji yalipokauka wakarudi, wakang'oa mazulia, wakapaka rangi upya, na mlimao ukaonekana bado umesimama, umeinama kidogo tu.

Ninaanza na habari hii kwa sababu baadaye niliikumbuka, nikaitumia vibaya.

Baba yetu alikuwa Mchaga, mwalimu, aliyepangiwa kazi Mtwara akiwa kijana akaoa huko huko. Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, Mmakonde wa karibu na bahari. Vita vya kumtoa Mreno vilimvusha mto akiwa mgongoni mwa mama yake. Sisi tulikua tukijua kwamba kwetu ni Kilimanjaro, kwenye kihamba cha babu, kati ya migomba na kahawa, na Krismasi tulipelekwa huko tukasalimie makaburi. Kwa baba, ukoo ni wa baba na shamba ni la baba. Hakuna mtu aliyehitaji kutufundisha hilo.

Kwa mama ni kinyume. Kwao mtoto ni wa mama, ardhi inapita kwa wanawake, na mkubwa wa mtoto ni mjomba wake. Mjomba akifa, kiti chake hakikaliwi na mwanawe wa kumzaa. Kinakaliwa na mpwa, mtoto wa dada yake. Mama alikuwa akitueleza mambo haya akikuna nazi, nasi tumelala mkekani tunamsubiri amalize atupe machicha. Baba alikuwa akidakia kutoka chumbani: "Kwa hiyo mimi hapa nimepanga tu?" Tukacheka wote. Mama akaendelea kukuna. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini sisi mama alitufunza, na tulikuwa tunacheka. Hatuna hata hicho cha kujitetea.

Kwa mjomba tulikwenda mara moja tu, nikiwa darasa la tano. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, alirudi kwao baada ya uhuru na kuwa mkubwa wa ukoo. Nakumbuka maji ya bahari yalivyotoka yakaacha uwanja mkubwa wa mchanga na matope, na wanawake wakaingia humo na vikapu, wameinama, wanaokota kombe na chaza mpaka maji yaliporudi kuwafukuza. Nakumbuka bibi, mama yake mama, akikaanga korosho juu ya kipande cha bati chini ya mkorosho wake, moshi unatuwasha macho. Alinishika kidevu akasema jambo kwa Kimakonde. Mama akanitafsiria: "Anasema wewe ndiye yeye mwenyewe." Niliona ni maneno ya wazee. Bibi alipofariki walimzika hapo hapo chini ya mkorosho, na sisi hatukwenda, kulikuwa na mitihani.

Halafu mama naye akafariki, tukaja Marekani, kaka kwanza, mimi nikafuata.

Gesi ilipopatikana baharini mbele ya kijiji cha mjomba, walianza kuja wageni wenye kofia za plastiki. Wakaulizwa wametoka wapi, wakasema Houston. Mjomba akawajibu kwamba Houston ana mpwa wake. Tangu siku ile kaka yangu akawa mtu mkubwa ng'ambo ya Ruvuma bila kuinuka kwenye kiti. Kazi yake hasa ilikuwa ofisini kwa watu wanaokodisha majukwaa ya vyuma kwa wajenzi. Alikuwa akijumlisha saa za madereva. Harufu ya gesi ile hakuwahi kuisikia, wala kampuni iliyokuwa inaichimba haikujua kama yupo duniani. Lakini jina hilo lilimpendeza. Kwenye sherehe za Watanzania, mtu akimwita "mtu wa gesi", alikuwa akikohoa kidogo na kurekebisha kola, hakatai.

Mimi nilikuwa namtania mbele za watu, lakini nikipiga simu Mtwara nilikuwa nasema mwenyewe: "Kaka yuko kwenye mambo ya nishati." Basi tulikuwa wawili.

Simu ya mjomba ilikuja mwaka uliofuata yale mafuriko, wikiendi ya mwisho ya mwezi wa tano, Wamarekani wanapofungulia majiko yao ya nje. Nilikuwa nimeshuka Stafford na binti yangu. Uani kwa kaka kulikuwa na watu wengi, Watanzania na Wakenya, wengi wao manesi na watu wa maofisini, watoto wanakimbizana wanapigizana kelele kwa Kiingereza, na kaka yuko kwenye jiko la mkaa na koleo la kugeuzia nyama, amevaa aproni aliyopewa na wifi. Kwetu ilikuwa mchana, kwao giza limeshaingia. Simu ikaita, akaona ni mjomba, akaiweka juu ya meza ya kachumbari na kufungua sauti ili mikono yake iendelee na nyama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Unanisikia? Niko na watu."

"Nakusikia vizuri. Na sisi tuko na watu," kaka akasema, na wageni wakacheka.

Mjomba hakucheka. Alikuwa akizungumza polepole, Kiswahili chake cha ng'ambo, kila neno analiweka chini kabla ya kuokota lingine.

"Hapa wamekaa wazee wote, na watu wa serikali, na watu wa kampuni. Wanataka tuhame. Huko wanakotupeleka ni ndani, mbali na maji. Wanawake hawataweza kwenda kuokota kombe wakarudi na jua. Na bibi yenu itabidi afukuliwe. Mimi nimewaambia siku zote ardhi si yangu, ni ya watoto wa dada yangu. Leo wamesema basi, waulizwe hao wenyewe. Nakuuliza mbele yao, mpwa wangu. Mnasemaje?"

Mafuta yalidondokea mkaa, moto ukaruka. Kaka akarudi nyuma hatua moja, akageuza mbavu, akasema bila hata kutazama simu:

"Mjomba, kubalini tu. Maendeleo hayakwepeki. Mtapata nyumba za matofali, umeme, zahanati, mtakaa kisasa. Huku kwetu watu wana-move kila siku, ni jambo la kawaida."

Wageni wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Ilisikika kama hotuba nzuri. Hata mimi niliona amesema vizuri.

"Dada yako yupo?" mjomba akauliza.

Nilikuwa na bakuli la kachumbari mkononi. "Nipo mjomba. Shikamoo."

"Marahaba mama. Na wewe unasemaje?"

Aliniita mama, na alitulia baada ya hapo, akanipa nafasi. Nafasi ilikuwa ndefu, sasa naiona. Lakini nilikuwa mdogo mbele ya kaka yangu, kuna watu, na nimelelewa vizuri, mkubwa akisema nami napita na njia yake.

"Kaka ameshasema, mjomba."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha tukasikia makofi, si ya shangwe, makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, ya polepole, ya mtu mmoja, halafu mwingine akaingia, na mwingine, mpaka wakawa wengi. Yakaisha yote kwa pamoja. Simu ikakatwa.

"Wacha! Watu wanakupigia makofi hivyo?" nesi mmoja Mkenya akamwambia kaka. "Kumbe wewe ni chief huko, ama?"

Kaka akacheka, akaanza kukata nyama. Nami nilicheka. Nilikula vizuri sana siku ile, nikafungiwa na nyingine ya kwenda nayo Arlington.

Mama mdogo ndiye aliyetuamsha. Ni mdogo wake mama, anaishi Mtwara, hakujaliwa mtoto. Alinipigia baada ya siku chache, nikiwa kwenye mapumziko kazini, nimesimama jikoni kati ya sinia za uji wa wazee. Hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Mmefanya nini?" akasema.

Nikamuuliza kuhusu nini.

"Kwa kaka yangu. Mmefanya nini?"

Akanieleza, na kadiri alivyonieleza nikawa natafuta mahali pa kukaa, na pale jikoni hapakuwa na kiti. Mjomba hakuwa ametuomba ushauri. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa amewazuia watu wale kwa jina letu. Kila walipokuja na karatasi za kutia saini, alisema: mimi ni mtunzaji tu, wenye ardhi ni watoto wa dada yangu, wako Marekani, mpaka waseme. Asingeweza kusema mama mdogo, kwa sababu mama mdogo yuko Mtwara, na wangemletea gari akafika siku hiyo hiyo. Alitaka watu wa mbali. Sisi tulikuwa ukuta wake, na ukuta ulikuwa mzuri kwa sababu uko mbali. Mwishowe wale wakasema sawa, simu zipo. Hata hilo halikumtisha. Kwao mpwa akiulizwa jambo la ardhi akiwa mbali, jibu ni moja tu, na kila mtoto wa huko analijua kabla hajaota meno ya pili: ningojeni, nitakuja nione mwenyewe. Hakuna lingine. Neno la ardhi halitumwi. Ukishasema hivyo mbele ya watu, hakuna mtu wa serikali wala wa kampuni anayeweza kukugusa mpaka ufike, na unaweza usifike miaka kumi.

"Alikuwa amekaa pale anangoja mseme maneno hayo," mama mdogo akasema. "Alikuwa na hakika. Mlipojibu vile akakuuliza na wewe, maana yule mwanaume ni mdomo tu, mwenyewe ni wewe. Akafikiri mwanamke atalikumbuka. Nawe ukasema nini?"

Sikumwambia nilichosema. Alikuwa anakijua.

"Na yale makofi?" nikauliza.

"Ndiyo kufunga neno. Ardhi imeachiwa."

Kengele ya mgonjwa ililia, nikaenda, nikambadilisha mzee mmoja shuka huku uso unaniwaka hata yeye akaniuliza kama nina homa. Nilimwambia ndiyo. Aibu ina joto lake, na haina mahali pa kuitolea.

Mwisho wa wiki niliendesha gari mpaka Stafford. Nilitaka kumwambia kaka uso kwa uso, na njia nzima nilikuwa natunga maneno makali. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya kile ambacho hufanya tangu utotoni akikamatwa, akapandisha sauti.

"Sasa ningejuaje? Si angesema? Angeniambia tu, mpwa wangu, sema hivi na hivi!"

"Angekwambia vipi mbele ya watu anaowakwepa?"

"Mimi nimekulia Mtwara mjini, mdogo wangu. Mimi ni Mchaga. Mambo ya Wamakonde sina habari nayo."

"Lakini kupigiwa makofi ulikuwa na habari nako."

Wifi akatuomba tushushe sauti, madirisha yako wazi. Hapo ndipo nilipomtolea ule mlimao. Nilimwambia: wewe uliyelia kwenye kochi langu kwa mti usiozaa, wewe uliyesema mtu hawezi kuja na kalamu akakwambia hapa si kwako, mjomba wako amekaa pale tangu uhuru na bibi yako mzaa mama amelala chini ya mkorosho, na umemwambia kuhama ni jambo la kawaida. Umemwambia huku unageuza mbavu.

Kaka akatoka uani akasimama karibu na ule mlimao, amenipa mgongo, kwa muda mrefu. Nilijua nimempiga mahali panapouma na sikujisikia mshindi, kwa sababu mbavu zile nami nilizila, na neno la mwisho lilikuwa langu.

Aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Akampigia mjomba mbele yangu. Safari hii alisimama wima, simu kwa mikono miwili, kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Akasema tulikosea, hatukujua, tunarudisha neno, tutakuja wenyewe.

Mjomba alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Neno la mpwa mbele ya watu halirudi, baba," akasema. "Nikilirudisha, itabidi niwaambie kwamba watoto wa dada yangu hawajui wanachosema. Hilo siwezi kuwaambia. Watamcheka mama yenu kaburini."

"Lakini mjomba..."

"Msijali. Mmesema kutakuwa na zahanati."

Hakusema kwa kejeli. Ningeona nafuu kama angesema kwa kejeli. Aliamua kupoteza pwani yake kuliko kutuaibisha mbele ya watu wake, na akatupa pole juu yake. Kaka alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye jokofu, na aproni ile ya nyama ilikuwa bado inaning'inia pale mlangoni.

Sisemi kwamba ni sisi tu. Huenda wangehamishwa hata bila sisi. Serikali ina mkono mrefu, na gesi haikusubiri adabu za mtu. Kaka alilishika jambo hilo kwa mikono miwili: "Wangehama tu, wangehama tu." Inawezekana. Lakini wangehama bila sauti yangu.

Walihama mwaka wa 2019. Jirani yao kijana mwenye simu nzuri alikuwa akinitumia picha. Nyumba ni nzuri, za matofali kweli, bati jipya, zimepangwa mstari kama madawati, na kila nyumba ina mlango wa rangi moja. Mjomba kwenye picha amekaa kwenye kiti nje, ameipa nyumba mgongo, anatazama upande ambao bahari haipo. Wanawake wamekaa barazani. Hakuna kikapu hata kimoja. Mama mdogo alivuka kwenda kuwaona akaniambia kwamba sasa wanasubiri samaki wa mchuuzi wa baiskeli, na watoto wameanza kusahau ladha ya kombe.

Bibi walimfukua kwa heshima, sitawasingizia. Sheikh alisoma, sanda ilikuwa mpya. Kwa desturi, anayepokea mifupa kwenye kitambaa ni binti wa binti, mmoja tu, na anakaa nayo mapajani mpaka kaburi jipya liwe tayari. Huyo ni mimi. Siku hiyo nilikuwa Arlington nakata kucha za mzee wa watu. Mama mdogo alisema kazi yangu ilifanywa na binti wa jirani, msichana mwenye moyo mzuri, ambaye hana undugu na bibi hata wa kunywa maji pamoja.

"Alilia vizuri," mama mdogo akasema. "Kama wake."

Nilishukuru, nikakata simu, nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili binti yangu asinisikie.

Mwanzoni mwa 2020, kabla dunia haijafungwa, mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakuja kusoma Dallas alinipigia kwamba ana mzigo wangu kutoka Mtwara. Nikampokea uwanja wa ndege, nikamlaza kwangu siku mbili, akaniachia mfuko wa nguo ulioshonwa kwa mkono. Ndani kulikuwa na korosho zilizokaangwa juu ya bati, nyeusi huku na huku. Mjomba alikuwa ametuma na sauti kupitia simu ya kijana yule jirani: "Hizi ni za mwisho za mti wa bibi yako. Nilizichuma kabla hawajaukata. Wewe kula kidogo. Nyingine mpe mwanao, yeye ndiye mwenyewe sasa."

Binti yangu, ambaye alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja, alitafuna moja akakunja uso.

"They're burnt, Mom."

"Ndivyo zinavyokaangwa."

"Who sent them again?"

Nikamwambia ni babu yake, mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Nilijaribu kumweleza kuhusu ardhi inayopita kwa wanawake, nikaona ninavyopata kigugumizi. Nilikuwa namfundisha kitu ambacho sikukitumia siku kilipohitajika. Yeye hakucheka. Aliuliza maswali mengi, akala nyingine, akasema ukizizoea ni tamu. Mimi nilikula mbili tu.

Halafu dunia ikafungwa kweli. Kazini tulivaa barakoa mchana kutwa na wazee wetu walikuwa wanatutoka mmoja baada ya mwingine. Ng'ambo ya Ruvuma nako hakukuwa salama. Watu wenye bunduki walikuwa wakichoma vijiji, na habari zikawa za kukatikakatika. Asubuhi moja nikiwa sina zamu, simu ikaita. Ilikuwa mjomba. Sauti yake ilikuwa imepungua, kila sentensi anaivutia pumzi.

Tulisalimiana. Nikamuuliza afya, akasema yupo. Akasema: "Nipe mwenyewe."

"Mwenyewe yupi, mjomba?"

"Mwanao."

Nikamwita, nikaweka simu mezani kati yetu, sauti wazi. Binti yangu nilimfundisha shikamoo tangu mdogo, akafungua mdomo aitoe, lakini mjomba alimtangulia.

"Shikamoo bibi," mjomba akasema.

Mzee wa miaka sabini, anamwamkia mtoto wa darasa la tano aliyevaa pajama. Binti yangu akanitazama.

"Why is he saying it to me?"

"Mwitikie," nikamwambia. "Kwake wewe ndiye mwenye ukoo. Sema marahaba."

"Marahaba," akasema, kwa woga.

Mjomba akaendelea, nami nikawa natafsiri. Alisema pwani ya zamani imezungushiwa seng'enge, haingiliki. Bibi amekwisha kushushwa huku bara. Yeye mwenyewe haoni kama atakaa sana, na hataki kumsumbua mtu, ila hajawahi kuambiwa na mwenye ukoo kwamba huku ni kwao. Hawezi kuzikwa mahali ambapo si kwao. Kwa hiyo anaomba ruhusa. Bibi huyu mdogo akisema ndiyo, atawaonyesha vijana mahali pa kuchimba.

Nilitafsiri yote, mpaka hilo la kuchimba. Nilitamani kulijibu mwenyewe, niseme ndiyo haraka haraka ili mzee apumzike. Nikajizuia. Mara ya kwanza nilipoulizwa nilijificha nyuma ya kaka. Sikutaka mara ya pili nijitokeze mahali ambapo si pangu.

Binti yangu alifikiri, anachezea kamba ya pajama.

"Is he dying right now?"

"Hapana. Anauliza tu."

"Then tell him to wait," akasema. "Tell him we have to come and see it first."

Nilikaa na maneno hayo mdomoni. Kisha nikayasema kwa Kiswahili, jinsi yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza: "Anasema ungoje, mjomba. Anasema mpaka tuje tuone wenyewe."

Halafu nikayasikia yale makofi, ya viganja vilivyokunjwa, polepole, ya mtu mmoja. Hakuna mwingine aliyeingia.

"Nani kamfundisha?" mjomba akauliza.

Nilitaka kusema ni mimi. Mungu ananiona, neno lilifika kwenye meno.

"Hakufundishwa na mtu, mjomba."

"Basi nitawangoja," akasema, akakata simu.

Ndege zilikuwa haziruki. Binti yangu alienda kwenye kabati akachukua mfuko wa korosho zilizobaki, akarudi, akaniuliza tunakwenda lini.